Ukingo wa Nyuma wa Bawa

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za karakana, nikatia sahihi, nikapewa chai na sambusa mbili, na utumishi wangu ukawa umekwisha kabla chai haijapoa. Nyinyi vijana wa karakana mliniomba niwaandikie niliyoyaona tangu nianze. Nimekubali kwa sharti moja. Habari za vyeo na mishahara zimo katika faili langu ofisini, na anayezitaka akamwombe karani. Mimi nitaandika habari za kile kipande cha bati kinachoning'inia kwenye msumari juu ya jiriwa ya kubania mbao, kilichonyooka upande mmoja na kuvimba upande wa pili, ambacho kila mgeni huuliza kama ni cha kukatia keki.

Niliingia kituoni hapa Malindi mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikitoka Kibarani, Kilifi, nikiwa na cheti cha useremala na kiburi cha kutosha watu watatu. Nilipanga chumba mtaa wa Kisumu Ndogo. Kituo kilikuwa kikichunguza mikoko na viumbe wa pwani kama sasa, na karakana ilitengeneza masanduku ya sampuli, rafu, viti, na mara moja moja kitanda cha mkubwa fulani ambacho hakikuandikwa popote.

Mkuu wa karakana alikuwa Fundi Shee, mtu wa ukoo wa Lamu, mfupi, ndevu zake nyeupe zimekatwa sawasawa kana kwamba zimepigiwa rula. Kabla ya kuajiriwa alikuwa akitengeneza vitanda na milango mjini. Siku yangu ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaichukua randa niliyokuja nayo na kuniuliza kwa upole kama naitumia kukunia nazi. Wiki nzima sikugusa ubao. Nilinoa tu.

Baada ya kunoa ukaja msasa. Fundi Shee alikuwa na sheria moja iliyopita nyingine zote: kitu kisitoke karakana kikiwa na ukingo mkali. Alikuwa na kipande cha melimeli, kile kitambaa cheupe chepesi. Alikifunga kidoleni, akakipitisha polepole katika kila ukingo wa kiti, wa rafu, hata wa chini ya meza ambapo hakuna atakayegusa ila panya. Kikinasa uzi mmoja tu, kazi inarudi. Alisema kona kali itamkata mtoto wa mtu, au itachana buibui la mke wa mtu, na laana ya mwenye buibui humfuata fundi mpaka kaburini. Mwaka mzima nilisugua kingo. Ilifika mahali hata meza ya mama muuza chai niliipitishia kidole nikiwa nasubiri mahamri. Mkono ulikuwa umeshika adabu.

Mwaka wangu wa pili akaja Daktari Nekesa. Alitoka Bungoma, mtaalamu wa mikoko, mwanamke mrefu aliyetembea haraka na kuongea haraka zaidi. Alitaka kujua mikoko ya kaskazini mwa Malindi imebaki kiasi gani, na kwa miguu ndani ya tope lile mtu angezeeka kabla ya kufika katikati. Kukodi ndege ya kweli kulikuwa ndoto. Kwa hiyo alikuja na injini ndogo inayotosha kiganjani, redio ya kuiongozea, kamera nyepesi na kitabu chenye michoro. Alitaka karakana imtengenezee ndege ya mfano, mabawa yake yakifika upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, ipae juu ya mikoko na kupiga picha.

Mkuu wa kituo aliruhusu, lakini kwa namna yake. Alikuwa na mpango wa zamani wa kuifunga karakana, viti vinunuliwe Mombasa, na jengo letu liwe stoo ya matairi na mapipa. Fundi Shee angepewa funguo za stoo hiyo. Alilitamka jambo hili mkutanoni mbele yetu sote: ndege ikiruka, karakana imeonyesha kuwa ina faida kwa utafiti na itabaki. Isiporuka, basi. Tulipotoka, Fundi Shee aliniambia tu kwamba funguo ni kitu kizuri, kwa mtu asiyekuwa na mikono.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuchagua mkato wa bawa. Ukilikata bawa kama unavyokata mkate, lile umbo unaloliona kwenye kipande ndilo mkato wake, na ndilo linaloamua ndege itaruka vipi. Kitabu cha Daktari kilikuwa na michoro tele, lakini ukiitazama sana ilikuwa ya jamaa tatu. Wa kwanza ulikuwa na tumbo lililobonyea ndani, kama kiganja ulichokikunja uchote maji. Wa pili ulikuwa bapa chini na umevimba juu. Wa tatu ulivimba juu na chini sawasawa, kama mbegu ya tikiti.

Daktari aliutaka wa kwanza. Kitabu kilisema huo ndio unaobeba mzigo mzito kwa mwendo wa polepole, na sisi tulikuwa na kamera ya kubeba. Fundi Shee alikisikiliza kitabu kikisomwa hadi mwisho, kwa heshima, kisha akauliza mwandishi wake anaishi wapi. Daktari akasema Ulaya. Fundi akasema basi huyo hajakutana na upepo wetu wa kusi.

Hapo ndipo Daktari alipopata heshima yangu, kwa sababu hakukasirika. Alisema tupime. Nilitengeneza vipande vitatu vya bawa kwa mti wa msufi, ambao ni mwepesi kuliko ubao wowote niliowahi kuushika, kila kimoja urefu wa mkono mpaka kiwiko. Tulikwenda na pikapu ya kituo hadi kwenye uwanda wa chumvi, ambako barabara imenyooka na hakuna ng'ombe. Daktari aliendesha. Fundi Shee alikaa mbele akishika kofia yake. Mimi nilisimama nyuma nikiwa nimenyoosha fito yenye kipande cha bawa, chini yake tumefunga mizani ya ndoano iliyoazimwa kwa muuza samaki na bado inanuka papa. Bawa liliponyanyuka, mizani ilivutika, nami nikapiga kelele kutaja namba. Wafanyakazi wa chumvi waliacha majembe wakatutazama. Sijui walifikiri tunavua nini.

Matokeo yalikuwa haya. Kile cha tumbo la ndani kilivuta sana hata pikapu ikitambaa, kitabu hakikusema uongo. Lakini upepo ulipovuma kwa ghafla, kilitetemeka na kuinamisha pua kwa nguvu hata fito ikanigeuka mikononi. Mbegu ya tikiti ilikata upepo vizuri, ila bila kuinuliwa pua haikubeba kitu. Kile cha chini bapa hakikuwa bingwa wa lolote, lakini kilitulia. Upepo ulipoongezeka kilivuta zaidi, ulipopungua kilivuta kidogo, na mkono wangu haukuwa na kazi.

Fundi Shee aliongeza sababu mbili ambazo hazikuwamo kitabuni. Bawa la tumbo la ndani likivikwa kitambaa, kitambaa kitabanduka pale penye bonde, kwa kuwa hewa yetu ya asubuhi hulegeza kila kilichokazwa. Pili, bawa la chini bapa hujengwa likiwa limelala juu ya meza, na meza yake, alisema, imenyooka kuliko watu wengi anaowafahamu. Daktari aliguna, akatazama namba zake, akasema yeye bado angechagua la kwanza.

"Lakini wewe ndiye fundi," alisema. "Chagua. Nitaandika kwamba uamuzi ni wako."

"Andika," akasema Fundi Shee. "Chini bapa. Unene uwe sehemu moja ya nane ya upana, mbele hadi nyuma."

Ndipo alipolikata lile bati. Alichora umbo, akakata kwa mkasi wa bati, akalisawazisha kwa tupa siku mbili. Kila ubavu wa bawa, ule ubao mwembamba wa ndani unaolipa umbo, niliukata kwa kulifuata bati lenyewe, si kwa kufuata ubavu uliotangulia. Hili, vijana, naomba mlikumbuke. Ukifuata uliotangulia, upana wa penseli unaongezeka kila mara, na ubavu wa kumi unakuwa binamu wa ule wa kwanza. Tulizipanga mbavu juu ya meza, tukapitisha fito za msonobari za makasha, tukaunganisha kwa gundi, tukavika melimeli na kuipaka vanishi nyembamba hadi ikalia kama ngoma ukiigonga kwa kucha. Kwa ukingo wa nyuma tuliweka ubao mwembamba ulionyolewa ukaisha kama ncha ya kisu. Sikuwahi kutengeneza kitu kizuri kama kile. Nilikipenda.

Ijumaa, siku moja kabla ya kurusha, Fundi Shee alipanda baiskeli akaenda msikitini. Mimi nilibaki na bawa. Nilipitisha kidole kwenye ukingo wa nyuma, nikasikia ukali wake, na mkono ukafanya ulichofundishwa. Niliona Fundi amesahau. Mtu mzima, mawazo ya karakana kufungwa, amesahau. Nikachukua msasa ili nimsitiri. Nilisugua ukingo wa upande wa kushoto mpaka ukaliwa na kuviringika, laini kama mguu wa kiti, nikaupaka vanishi. Upande wa kulia niliupitia mara mbili tu, kwa maana nilisikia kengele ya baiskeli. Nilificha msasa nikiwa nafurahi, kama mtu aliyemfanyia baba yake jambo jema kimya kimya.

Jumamosi asubuhi tulikuwa uwandani kabla kusi halijaamka. Mkuu wa kituo alikuja pia, amevaa viatu vya mjini. Kwa amri ya Fundi Shee kamera haikuwamo, tuliweka kifuko cha mchanga cha uzito ule ule. Daktari alishika redio. Nilikimbia na ndege, nikaiachia, ikapaa. Kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini ilikuwa angani na mimi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote wilayani. Kisha ikaanza kulalia kushoto. Daktari akairudisha, ikalala tena. Alipopunguza mwendo ili aigeuze, bawa la kushoto likadondoka kama mlango uliotoka bawabani, na ndege yote ikajikita kwenye tope la mikoko.

Mkuu wa kituo alitazama saa yake. Daktari alisema, bila ukali, kwamba mkato haukubeba, na kwamba alikuwa amesema. Fundi Shee alikunja kanzu yake, akaingia kwenye tope hadi magotini na kulitoa bawa mwenyewe. Alilishika kwa muda, mgongo akiwa ametupa sisi. Alipogeuka alisema maneno mawili tu: "Niliuchagua mimi."

Karakana ingefungwa mwisho wa mwezi. Mkuu alitangaza palepale.

Jumapili nilikwenda kanisani na sikusikia hata neno la mahubiri. Jumatatu nilifika mapema na kulichukua lile bati. Bawa la kulia lilikuwa zima. Niliweka bati kwenye ubavu wake, likakaa vizuri kuanzia mbele hadi nyuma, ila pembeni kabisa palitokeza mstari mwembamba wa bati. Nikaweka kwenye kipande kilichobaki cha bawa la kushoto. Pale nyuma bati lilitokeza upana wa kidole. Mabawa mawili ya ndege moja hayakuwa na mkato mmoja, la kushoto bila ncha yake ya nyuma likawa linabeba kidogo kuliko la kulia, na aliyeyatenganisha ni mimi. Niliketi kwenye vumbi la mbao.

Nitasema kweli, sikusema siku ile. Niliogopa kufukuzwa, na zaidi ya hapo niliogopa uso wa yule mzee. Nilijiambia kwamba nitasema kesho. Kesho ilipofika nikasema kesho. Jumatano nilimkuta Fundi Shee akifunga patasi zake moja moja katika matambara na kuzitia kwenye gunia. Kila moja aliitazama kabla ya kuifunga. Hapo sikuweza tena.

"Fundi," nilisema, "ukingo wa nyuma niliusugua mimi. Ijumaa, ulipokuwa msikitini. Nilidhani umesahau."

Hakuinua uso. Alimaliza kufunga patasi aliyokuwa nayo.

"Nayua, mwanangu," alisema kwa lafudhi ya kwao, ambayo humtoka moyo ukiwa umeguswa. "Nililipapasa lilipotoka topeni. Hakuna mwengine asuguaye hivyo. Ni mkono wangu ule."

Nikamuuliza kwa nini basi aliubeba mzigo peke yake.

"Mwaka mzima nimekwambia ondoa makali. Sikukwambia hata siku moja lini uyaache. Mwana umleavyo. Ningemwambia nini yule bwana? Kwamba mwanafunzi wangu ni msikivu kupita kiasi?"

Nililia, sioni haya kuliandika. Kisha nikachukua bati na vipande vya bawa, nikaenda navyo ofisini kwa Daktari Nekesa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Aliweka bati kwenye bawa la kulia, akaliweka kwenye la kushoto, akafunga jicho moja kutazama linavyotokeza. Kisha akafungua daftari lake, akakata mstari juu ya alichokuwa amekiandika. Alisema jaribio lililofanywa na mabawa mawili tofauti si jaribio, na kwamba yeye hawezi kutia sahihi taarifa ya kitu ambacho hakikupimwa. Alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa kituo. Sauti zao zilisikika hadi kwenye tangi la maji. Alirudi na wiki moja ya kujaribu tena.

Wiki hiyo tulifanya kazi tukisemezana kwa vidole. Patasi zilitoka kwenye gunia. Nilikata mbavu mpya za kushoto, na kingo zote mbili za nyuma nilizibadilisha, nikazinyoa hadi zikawa na wembamba wa kucha. Msasa niliupeleka mwisho wa karakana nikaufungia kabatini, kama mlevi anayemkabidhi mkewe mshahara. Nilipomaliza, Fundi Shee alifunga melimeli kidoleni, akaipitisha polepole kwenye ukingo wa nyuma, kushoto hadi kulia. Kitambaa kikanasa. Akakivuta, kikanasa tena mbele kidogo, na tena.

"Vyema," alisema. "Limekuwa bawa."

Asubuhi ya kurusha, upepo haukutungoja, ulianza mapema kama vile umeitwa. Mkuu wa kituo akasema tuahirishe hadi mwezi ujao, nasi sote tulijua mwezi ujao maana yake nini. Daktari alimtazama Fundi Shee. Fundi Shee akainua uso kidogo, akasikiliza upepo usoni, akatikisa kichwa kukubali. Nilikimbia, nikaachia. Ndege, safari hii ikiwa na kamera, ilipanda ikitikisika, ikajinyoosha, ikaelekea kwenye upepo na kukaa humo imetulia kama ilivyotulia siku ile ya pikapu. Ilivuka mikoko, ikageuka, ikarudi, ikavuka tena. Daktari alikuwa akibonyeza redio na kuhesabu picha kwa sauti. Sikuthubutu kumwangalia Fundi. Ilipotua, ikiruka ruka kwenye chumvi kama kuku aliyetishwa, nilisikia watu wakipiga makofi, nikakuta ni wale wafanyakazi wa chumvi.

Picha ziliposafishwa, mikoko ilionekana yote, na mapengo yake yote. Katika moja, kwenye pembe, kuna vidoa vinne juu ya uwanda mweupe: mkuu, Daktari, mimi, na kimoja kifupi kilichojitenga kidogo. Karakana haikufungwa, kama mjuavyo, maana mmo ndani yake. Matairi yalipata jengo lingine.

Daktari alipoandika taarifa yake alituletea nakala. Fundi Shee alisoma hati za Kiarabu kwa ufasaha lakini herufi hizi nyingine hakuzipenda, kwa hiyo alinipa mimi nimsomee. Ilikuwa ya Kiingereza, nikawa natafsiri nikienda. Katika ukurasa wa tatu iliandikwa kwamba mkato wa bawa ulichaguliwa na Fundi Shee, dhidi ya ushauri wa mtafiti, na kwamba fundi ndiye aliyekuwa sahihi. Alinitaka nirudie mahali hapo. Nikarudia. Alitoa melimeli mfukoni, akajipangusa uso nayo, akairudisha. Kisha akaniambia nisimame nirudi kazini, kiti cha mhasibu kina wiki mbili na kona zake ni kali.

Nilifungua kabati, nikatoa msasa. Nilipofika kwenye kiti nikasimama nao mkononi.

"Fundi," niliuliza, "hiki ni cha kukaliwa au cha kuruka?"

Nilikuwa nimefanya naye kazi karibu miaka miwili. Ile ndiyo siku nilipoona kwamba meno yake ya mbele yalikuwa na pengo.